Uzito wa Boksi Nililowaambia Mnunue

Birika halikuniteleza. Nawaambia mapema kwa sababu najua habari ilivyosambaa mtaani, kwamba yule mama anayeandika gazetini alikuwa amechoka na shughuli za msiba, mikono ikamtetemeka, chai ikamwagika. Sikuwa nimechoka. Nililitupa. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike fundi wangu wa kompyuta, aliyeuawa na umeme nyumbani kwake akiwa kazini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, nami napita na chai ya tangawizi, ndipo akaingia mwenye duka la vifaa vya kompyuta, kofia safi kichwani, nyuma yake mbebaji na nusu gunia la mchele. Akatoa pole kwa kila mtu. Akakaa, akapokea kikombe kutoka mkononi mwangu, akapuliza, akanywa, halafu akasema kwa sauti ya kufika mpaka ndani kwa wanawake: "Tusilie sana, jamani. Siku yake ilikuwa imeandikwa." Subira yangu iliishia hapo. Birika likagonga ukuta, kifuniko kikaviringika mpaka miguuni pake.

"Iliandikwa na nani?" nikamuuliza. "Mbona mwandiko wenyewe uko kwenye boksi la dukani kwako?"

Kina mama wawili wakatoka wakanishika mikono, mmoja akinisihi sikioni, "Mwanangu, hapa ni msibani, hapa ni msibani," kana kwamba nimesahau niko wapi. Mwenye duka hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akawaambia wenzake, "Uchungu huo. Mwacheni." Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo kila siku tangu hapo. Eti uchungu. Uchungu ninao, ndiyo, lakini siku ile haukuwa uchungu, ilikuwa hasira, na hasira yangu ina sababu yenye kilo na gramu zake. Wasomaji wangu wa siku zote, nanyi mmo ndani ya jambo hili. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Huyo marehemu hakuwa ndugu yangu. Meza yake ilikuwa barazani, mbele ya duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza mchele, dengu na viungo hapa mjini. Nilimfuata mara ya kwanza nikiwa na mapacha wangu, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni, na karatasi mkononi. Nilitaka kompyuta ya mezani ya kufanyia kazi za kuchapa nyumbani kwangu Likombe, kwa sababu nilikuwa nimechoka kulipia dakika za watu kwenye maduka ya mjini huku watoto wakinivuta sketi. Mpya sikuiweza. Nikasikia kwamba yuko fundi anayeunga moja kutoka kwenye vipande. Ile karatasi niliinakili mtandaoni: kesi, yaani kasha, ya kioo yenye taa za rangi, kadi kubwa ya picha, feni tatu. Akaisoma, akaniangalia, akawaangalia watoto.

"Unataka kompyuta ya kufanya nini?"

"Kuchapa."

"Kuchapa nini?"

"Barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Na makala zangu."

"Sasa taa za nini, Mama Mapacha? Unafungua baa?"

Akachukua kalamu akafuta karatasi yangu mstari kwa mstari, bila kuniomba ruhusa. Nilikasirika, lakini nikacheka. Halafu akaniuliza, huku mzee mwenye duka akisikiliza, "Ukienda kwenye mitumba, unanunua nini?" Nikasema magauni, suruali, makoti ya watoto. "Na chupi?" Nikasema koma, chupi sinunui. "Haya, umeshajifunza nusu ya kazi. Prosesa ni koti, ivaliwe na watu watatu haina shida. Ramu ni suruali, unaikagua mapaja, unanunua. Kesi ni begi, lolote linafaa mradi lifunge. Lakini diski na pawa saplai ni chupi. Hizo hata ukose kula, nunua mpya." Mzee wa Kihindi akajificha nyuma ya magunia yake akicheka mpaka akakohoa.

Kwa msiojua, pawa saplai ni lile boksi la bati linalokaa kwenye kona ya kompyuta, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vingine. Ndilo watu wanalochagua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Yeye alianza nalo. Alisema huku kwetu ukikosea hapo umekosea kote, maana gesi inachimbwa kwetu, inasafishwa Madimba, inapelekwa Dar kwa bomba, na sisi tuliobaki nayo jirani umeme wetu unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kila ukirudi unarudi kwa pigo, na pigo hilo halipokelewi na taa za rangi. Linapokelewa na boksi lile la bati.

Namna yake ya kulichagua sijaiona kwa fundi mwingine. Hakusoma maandishi yaliyobandikwa ubavuni. Alikuwa akisema karatasi inachapwa na yeyote, hata mimi Mama Mapacha naweza kuichapa. Alilibeba boksi kwa kiganja kimoja, akafumba macho kidogo, kisha akaingia nalo dukani kwa mzee na kuliweka kwenye ile mizani ya sahani mbili.

"Fundi, leo umeleta kuku gani?" mzee akauliza.

"Mpime kwanza, ndiyo utajua kama ni wa kienyeji."

La kwanza lilipanda juu kama limetupwa. Halikufika hata kilo. Fundi akalitikisa. "Hili ndani mna nini? Pumzi?" Akanieleza kwamba boksi la haki lina shaba na vyuma vingi ndani, na anayetaka kuiba huanza kwa kupunguza humo, kwa sababu hakuna anayefungua. Kilichopunguzwa hakionekani kwa macho, ila mizani inakiona. Tukapima manne siku ile, aliyoazima madukani. La nne lilishusha sahani kwa kishindo, akaniambia, "Hilo. Lipa, twende."

Mizani aliipenda kwa sababu alikulia chini yake. Baba yake alikuwa na mikorosho upande wa Mtawanya, na msimu ukifika yeye ndiye aliyesimama karibu na mzani wa kupimia akikariri uzito wa kila gunia la baba yake ili wasije wakaibiwa. Alinisimulia mwaka ambao jirani yao mmoja alitia kokoto katikati ya gunia la korosho. Mpimaji alilipokea, akalisifu kwa uzito wake. Likaja kujulikana baadaye lilipomwagwa, na jirani yule akawa hasalimiwi msimu mzima. Fundi aliisimulia kama kichekesho, akiigiza mpimaji anavyolipigapiga gunia mgongo kwa kuridhika. Mimi nikacheka. Sasa hivi nikiikumbuka sicheki, nabaki kujiuliza ilikuwaje mtu aliyekulia karibu na gunia la kokoto asilifikirie boksi la bati.

Hapa ndipo mlipoingia nyinyi, au niseme hapa ndipo nilipowaingiza. Mtakumbuka niliandika kwenye safu hii, mwaka jana, kuhusu fundi wa barazani na mizani ya dengu. Sikumtaja jina, kama ilivyo desturi yangu. Niliandika kwamba mwenye fedha kidogo asidanganywe na maandishi ya ubavuni, abebe kwa mkono, apime, anunue zito, kwa kuwa zito ndilo la kweli. Sikuwahi kupata barua nyingi namna ile. Walimu waliniandikia, mwanafunzi wa chuo, mama mwenye duka la vifaa vya shule. Nilijiona mtu. Nilipeleka gazeti barazani. Fundi akalisoma lote akitabasamu, akampa mzee. Mzee alilisoma polepole, akalikunja, akanirudishia. "Umeandika vizuri, binti," akasema. "Lakini gazeti hata anayeuza maboksi analisoma." Nilidhani ananitania. Wazee wa biashara wana maneno yao.

Miezi ikapita. Fundi akaniambia siku moja, kwa furaha kabisa, kwamba lile duka la vifaa vya kompyuta la pale juu limeanza kuleta maboksi mazito, na bei haijapanda. "Makala yako imewatia adabu," alisema. Tukapongezana. Akanunua mawili kwa ajili ya kazi za watu, akayapima, mizani ikakubali.

La pili ndilo lililomuua. Ilikuwa asubuhi, amekaa nyumbani anamuungia mteja kompyuta, miguu mitupu sakafuni. Amewasha, imewaka vizuri, akaweka mkono kwenye bati la kesi ili aifunge. Mkewe alisikia kitu kinaanguka. Jirani yao anayefanya kazi za umeme alikimbia kuzima swichi kuu, lakini hakuwahi. Jirani huyo huyo, jioni yake, baada ya watu kupungua, alichukua boksi lile akalifungua ili ajue. Ndani alikuta bonge la saruji.

Sitii chumvi. Bonge la saruji ukubwa wa andazi, limezungushiwa utepe mweusi, limegandishwa kwa gundi kwenye bati ili boksi liwe zito. Gundi ilikuwa imelegea, bonge likawa linacheza, likasugua waya mmoja mpaka ukachubuka na kugusa bati. Na ule waya wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini bati likishika moto wa umeme, ulikuwa umekatwa, ncha yake imebandikwa tu kwa gundi ili ionekane ipo.

Mjane alinionyesha yote hayo siku ya pili ya msiba, chumbani. Alikuwa amelifunga boksi kwenye kanga kuukuu na kulisukuma mvunguni kwa fimbo ya ufagio, hakutaka kuligusa wala kulitupa. Hakuwa analia. Alikuwa anarudia jambo moja tu.

"Nilikuwa nimepiga deki."

"Mama, si deki."

"Sakafu ilikuwa mbichi. Aliniambia acha kwanza nimalize, nikamwambia hebu inua miguu. Akainua, nikapitisha tambara, akateremsha. Nilikuwa nimepiga deki."

"Mama, ni boksi. Boksi ndilo lililomuua."

"Lilikuwa zito," akasema. "Alilisifu. Aliniita nije nilishike, nami nikalishika."

Sikumwambia aliyemfundisha muuzaji kwamba wateja wanataka zito ni nani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikiwa nayajua maneno yangu yote ya ile makala, kwa mpangilio wake. Kesho yake ndiyo nikatupa birika.

Tangu hapo sina nyumba, nina mahali pa kumsikia marehemu. Kompyuta ninayoandikia safu hii ni ile aliyoniungia. Feni yake ina mkwaruzo mdogo inapoanza, kama mtu anayesafisha koo kabla hajasema, na kila nikiibonyeza nasubiri aseme. Juzi niliizima, nikachomoa, nikafungua ubavu nifute vumbi kama alivyoniagiza. Kwenye ukuta wa ndani pana alama ya kidole gumba, nyeupe, ya ile dawa wanayopaka juu ya prosesa. Alijipangusa pale siku ile huku mapacha wakimvuta suruali. Mistari ya kidole inaonekana yote. Nimefuta vumbi kuizunguka. Nikibeba kilo ya sukari mkono wangu unaipima wenyewe. Nikimbeba mtoto, hivyo hivyo. Nasikia, "Zito?" Boksi langu mimi ni la zamani, la kabla ya makala, na jirani wa umeme amelihakikisha. Wenye maboksi mabaya ni nyinyi, mlionisikiliza.

Basi nisikilizeni mara moja nyingine. Kama ulinunua pawa saplai baada ya kusoma safu hii, ukafurahia uzito wake, usiishike kompyuta hiyo. Zima swichi ya ukutani, chomoa, waambie watoto wasiiguse. Usilifungue boksi mwenyewe, maana umeme hulala ndani hata baada ya kuchomoa. Tafuta fundi umeme aje alifungue yeye.

Nilikwenda kwenye duka lenyewe, mchana, nimejifunga mtandio mpaka puani. Mwenyewe hakuwepo, alikuwepo muuzaji wake, kaka mchangamfu. Nikaulizia pawa saplai. Akanishushia boksi. "Shika mwenyewe, dada, usiniamini mimi. Zito hilo! Hata gazetini wameandika, zito ndilo la kweli." Akanyoosha kidole kwenye kioo cha kaunta. Makala yangu ilikuwa imekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa pale, mstari wangu umepigiwa wino mwekundu. Nikausoma. Sijawahi kuona maneno yangu mwenyewe yakinitazama vile. Nikalipa, nikadai risiti, akaniandikia.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sitaki kujificha nyuma ya lawama kwa mwenye duka peke yake, ingawa yeye analo kubwa. Sisi watu wa kipato kidogo tunaishi kwa mbinu. Samaki tunamfunua shavu, mafuta ya taa tunayanusa, godoro tunalikandamiza kwa goti, betri tunaigonga mezani. Tunafundishana kwa fahari, mama kwa binti, na mimi nikaona nikifundisha gazetini ndiyo nimesaidia wengi zaidi. Kumbe kila mbinu ya mnunuzi ikishajulikana inakuwa maelekezo kwa mwizi: anajua mkono wako utagusa wapi, anaiba kwingine. Mikono yetu haiwezi kuona ndani ya bati. Yupo mtu anayelipwa mshahara kwa kodi yetu ili afungue boksi kabla halijafika kwenye rafu, na muda wote niliokuwa nawasifu kwa kupima wenyewe, nilikuwa nampumzisha huyo. Hilo ndilo funzo langu, na nimelipata kwa gharama ya mtu mwingine. Acheni kunipongeza kwa ujanja. Ujanja wetu uwe wa kudai kazi ifanywe na wenye kazi.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye ofisi inayohusika na ukaguzi wa bidhaa, na boksi langu jipya kwenye mfuko, na bisibisi ya marehemu niliyopewa na mjane. Mapokezini alikuwepo dada mmoja wa makamo yangu.

"Marehemu ni nani yako?"

"Fundi wangu."

"Fundi hayumo hapa kwenye fomu. Kuna mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu."

"Mke wake yuko eda, dada. Hatoki."

"Basi akimaliza eda aje."

"Miezi minne na siku kumi? Maboksi yatakuwa yamekwisha rafuni. Yote yatakuwa majumbani mwa watu."

"Mimi sikuweka utaratibu, dada yangu."

"Nipe fomu ya mnunuzi. Nimenunua, na risiti hii hapa."

Nikaweka boksi mezani kwake na kuanza kufungua skrubu. Akarudi nyuma na kiti. "Usifungulie hapa!" Nikamwambia halijawahi kuchomekwa popote, halina umeme hata chembe. Skrubu nne. Bati likainuka, na bonge likawa pale, limevikwa utepe wake mweusi. Nikaukata utepe kwa ncha ya bisibisi, vumbi la saruji likamwagikia karatasi zake kidogo. Nikauinua ule waya wa kijani na njano, ukaja mkononi bila kushikwa na kitu.

Yule dada akachukua simu yake. "Baba watoto, ile kompyuta umeiwasha? Zima ukutani. Chomoa. Usiniulize, chomoa, na usiguse bati." Akaikata simu, akaniambia bila kuniangalia, "Mume wangu alilinunua kwa kusoma gazetini."

"Ni mimi niliyeandika," nikamwambia.

Sasa akaniangalia. Nilisubiri anitukane, na ningepokea. Alisukuma fomu mbele yangu, akanipa na kalamu yake. Niliyoyaandika ni haya, na nakala yake ina mhuri wa ofisi:

"Mimi ni mnunuzi, mkazi wa Likombe, mama wa mapacha. Nalalamika kwamba duka lililotajwa kwenye risiti niliyoambatisha linauza pawa saplai zilizojazwa saruji ili ziwe nzito, na waya wa kupeleka umeme ardhini umekatwa. Kifaa nilichonunua nimekifungua mbele ya mtumishi wenu nami nakiacha hapa kama ushahidi. Kifaa kingine cha aina hiyo kimeua mtu, kipo kwa mjane wake, tayari kuchukuliwa. Naomba vilivyobaki dukani viondolewe leo, si mjane akimaliza eda. Naomba waliokwisha kununua watangaziwe. Naomba nijibiwe kwa maandishi ni nani aliyepaswa kuvifungua kabla havijauzwa, na kwa nini hakuvifungua. Marehemu alivichagua kwa uzito. Wanunuzi wengine walivichagua kwa uzito kwa sababu waliambiwa gazetini wafanye hivyo, na muuzaji aliongeza saruji kwa sababu aliyasoma hayo hayo. Aliyeyaandika ni mimi. Nipo tayari kuitwa siku yoyote, kama shahidi au kwa vyovyote mtakavyoona inafaa."